Ombi la Kuiondoa Dadu Vitani

Sajini (Mstaafu) Gichuru Muigai,
Kinoo.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Vita vya Mezani,
Kileleshwa, Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Bi. Veronicah,

KUH: KUBATILISHWA KWA USHINDI WA NAMALWA, NA MADHARA YA DADU KWA JUMLA

Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na kamati yako, na kwamba maji yamerudi kwenye jengo lenu. Mimi si mzima sana. Tangu Jumamosi nakula kwa kulazimishwa na mke wangu Muthoni, na hata wapangaji wangu wameshtuka, maana nimepita milangoni mwao bila kumgombeza mtu.

Kwa faida ya wanakamati wapya, nieleze kwa ufupi. Chama chetu hupigana kwa vijisanamu vya askari visivyozidi kidole gumba. Vilima vyetu ni trei za mayai, mto wetu ni kitambaa cha buluu, na sare tumezipaka wenyewe, nyingine kwa rangi ya kucha. Mtu akitaka askari wake alenge shabaha, apande kilima au anusurike jeraha, hurusha dadu. Ikitoka namba kubwa amefaulu. Ikitoka ndogo, askari anazikwa ndani ya kopo la biskuti. Jumamosi iliyopita tulipigania unahodha wa timu itakayokwenda kucheza Nakuru, mimi na Namalwa wa Riruta, yule anayefanya kazi ya bima. Nilishindwa. Naandika kueleza kwa nini sikushindwa.

1. Sala ya kufungua. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, ulisema, "Namalwa, tuombee tuanze." Mimi sikuulizwa. Nilifumbua jicho moja, na naomba hilo lisiingie kwenye kumbukumbu za kikao, nikamwona ameshika dadu mkononi tangu "Baba yetu" mpaka "amina". Yaani dadu ilibarikiwa ikiwa upande mmoja. Hata watoto wakiombea mpira, mpira huwekwa katikati ya uwanja. Kuanzia sasa naomba dadu ikae katikati ya meza wakati wa sala, na sala iombwe na mtu asiye na jeshi.

2. Jambo hili la pili linaniuma zaidi, nalo libaki kwenye kamati. Jumapili iliyotangulia pambano nilipeleka shukrani kanisani kwetu. Ndiyo, iliyotangulia. Muthoni alinishauri ningoje, nikamwambia imani haingojei matokeo. Nikasimama mbele na familia na keki, nikamshukuru Mungu kwa unahodha. Kina mama wa kwaya waliimba mpaka keki ikalegea kwa joto. Mzee Ndungu, ambaye hajanisalimu tangu tugombanie mpaka wa shamba, alinipa mkono akaniita Kapteni. Sasa kila nikipita dukani naulizwa safari ya Nakuru ni lini, na nimeanza kuzunguka nyuma ya kibanda cha kinyozi ili nisionekane. Mtu wa umri wangu ataliambia nini kanisa? Kwamba Mungu alilisikia kanisa zima pamoja na kwaya, halafu akamjibu Namalwa aliyeomba kwa pumzi moja?

3. Koplo. Namalwa alikuwa amebakiwa na askari mmoja tu, koplo ambaye mguu wake ulivunjika zamani ukabandikwa kwa gundi, ukaangalia nyuma. Jenerali wangu alikuwa juu ya trei ya mayai, amezungukwa na walinzi wenye afya. Nikampiga koplo huyo kwa mzinga. Ili anusurike ilihitajika sita. Ikatoka sita. Nikampiga tena. Sita. Akapanda kilima huku mguu mmoja ukirudi Riruta, akahitaji sita kumwangusha jenerali, na kilichotoka unakijua, maana ulipiga makofi. Namalwa akanigusa bega akasema, "Pole mzee, ni dice tu." Maneno hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Afadhali angejisifu.

4. Uchunguzi wangu. Ile dadu ambayo mwanachama mwenzetu Oduor aliitafuta chini ya viti baada ya pambano mpaka akapasua suruali haikupotea. Niliichukua kwa ajili ya uchunguzi. Nimeizamisha kwenye ndoo ya maji, nimeipima pamoja na maharagwe, nimeirusha mezani, sakafuni na juu ya godoro. Kwangu hutoa moja au mbili. Muthoni aliirusha akiwa anamenya viazi, bila hata kuiangalia, ikatoa sita. Hitimisho langu ni kwamba dadu hii inajua watu, na mimi imenijua vibaya.

5. Mimi ni mwanajeshi. Wapo wanachama wanaopenda kukumbusha kwamba jeshini nilitumikia stoo ya buti. Ni kweli, na ndiyo maana najua ninachosema. Miaka yote ile sikumwona afisa akirusha dadu. Askari mwenye mguu namba nane alipewa buti namba nane, au tisa ikiwa nane zimekwisha, au saba na soksi nyepesi. Huo unaitwa mpango. Hakuna askari hata mmoja aliyetoka stoo kwangu akilalamika kwamba ni bahati mbaya. Walilalamika mengine.

6. Kwa hayo yote naiomba kamati ibatilishe matokeo, iturudishe mezani mimi na Namalwa, na ipige dadu marufuku ili mwenye akili ashinde kwa akili yake. Kamati ikiona hatua hiyo ni kali, basi tuanze na harambee ya sita: mwanachama akishapata sita mbili kwa siku, zinazozidi azitoe kwenye kapu la chama, tuwagawie wahitaji kwa kufuata umri. Mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Tukifanikiwa hapo tusiishie mezani, kwa sababu bahati imewaharibu watu wengi nje ya Kileleshwa. Kuna mpangaji wangu ambaye bomba limepita karibu na mlango wake na sasa anajiona mtaalamu wa maji. Kuna watu ambao mvua haijawahi kunyesha kwenye harusi zao, nao hutoa ushauri wa ndoa. Chama kiandikie wahusika, kuanzia diwani kwenda juu, kiulize watu hawa wamefanya nini kustahili hayo, na wasipojibu wanyeshewe kwa zamu.

Najua mtaniambia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nakubali kushindwa, Mwenyekiti. Nakubali kushindwa na mtu. Kipande cha plastiki chenye madoa ndicho nisichokikubali.

Nikuambie na la moyoni, kwa kuwa tumefika hapa. Tangu nistaafu hakuna aliyenipa kitu cha kuongoza. Hata lango la ploti yangu hufungwa na mtu mwingine, kwa ratiba yake. Nilitaka sana kwenda Nakuru na sanduku la askari mapajani, watu waulize nahodha ni nani, nami ninyamaze kidogo kabla ya kujibu.

Nisalimie kamati yote, Oduor na suruali yake, bawabu wenu anayenipa nafasi ya kuegesha gari, na wote wanaouliza habari zangu. Msalimie Namalwa pia, kwa kiasi.

Wako katika kudai haki bila kurushiwa chochote,

Sajini (Mstaafu) Gichuru Muigai

Nyongeza: Baada ya kutia sahihi niliona kamati itataka ushahidi kwamba vita bila dadu vinawezekana. Kwa hiyo jana nilimwalika Namalwa hapa Kinoo tupigane kwa kanuni zangu: kila risasi inapata, kila jeraha linaua, mwenye mpango bora ashinde. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji hakupona. Muthoni alibandika chai tulipoanza, na jenerali wangu aliingia kwenye kopo la biskuti kabla majani hayajatiwa. Nikaomba turudie. Nikafa kabla ya sukari.

Halafu Namalwa akapanga vijisanamu upya, akanionyesha pambano la Jumamosi hatua kwa hatua, kwa upole ambao sikuutaka. Inaonekana ningekuwa nimemalizwa mapema sana kama nisingekuwa narusha sita. Nilirusha nyingi, Mwenyekiti. Walinzi wote wale wenye afya walikuwa hai kwa sita zangu. Sikuzikumbuka kwa sababu zilipotoka nilidhani ni akili. "Mzee, hiyo dice ndiyo ilikuwa inakubeba," aliniambia, na Muthoni akamwongezea chai.

Ameniomba nilibebe sanduku mpaka Nakuru, kwa kuwa mikono yangu haitetemeki. Muthoni amekubali kwa niaba yangu. Jumapili Namalwa anakuja kanisani kwetu, nami nitasimama niwaambie waumini kwamba unahodha walioushukuru upo, ila uko kwa huyu binti. Keki nyingine imeshaagizwa. Mzee Ndungu atafurahi kuliko mara ya kwanza.

Kwa hiyo tafadhali futa namba 1 hadi 6. Nisingeituma barua hii, ila mwandiko wake umetokea vizuri. Dadu nimeitia humu ndani ya bahasha. Mwambie Oduor imepatikana, usimwambie wapi, na ihakikishwe imerudi mezani kabla ya Jumamosi, maana bila hiyo mimi sina jeshi. Nimeirusha mara moja kabla ya kufunga bahasha. Imetoa moja. Nimeifuta vizuri kwa shati, nikaitia hivyo hivyo.