Vijiko Vitatu kwenye Ndoo ya Sanjeshni

Jumatatu, 3 Machi. Suva. Mvua.

Bosi, Daktari Waisea, alitangaza Ijumaa: gati jipya la kisiwa cha Gau litajengwa kwa zege litakaloshinda hapa maabara. Washindani wawili. Mimi, Eroni, fundi wa hapa kwa miaka kumi na saba. Na Sanjeshni, aliyekuja juzijuzi na shahada mbili na miwani. Gau ndiko kwa wakwe zangu! Tangu kimbunga kibomoe gati, mama mkwe hushuka kwenye boti maji kiunoni, kapu kichwani. Jumamosi, mbele ya bakuli la kava, kinywaji chetu cha heshima, niliwaapia wazee wa huko kwamba zege litakuwa langu. Wakapiga makofi. Siwezi kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kumwaga zege: kila mmoja michemraba yake na boriti moja yenye nondo. Nina siri mbili. Ya kwanza: maji ya bahari. Zege lenye chumvi hushika upesi. Nimechota dumu zima kabla watu hawajafika kazini. Ya pili: sukari. Sukari huizuia saruji isishike. Sanjeshni alipotoka kufuata chakula chake, vijiko vitatu, chubwi! kwenye ndoo yake ya maji. Aliporudi akanigawia roti, chapati ya viazi. Eti, "Kula, kaka Eroni, umekonda." Nimekula. Ilikuwa tamu. Dhamiri kimya.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Asubuhi tumefungua kalibu za chuma. Mchemraba wangu mgumu, ukiugonga unalia kama kengele. Wake uji! Kidole kinazama. Nikampa pole kwa sauti ya msibani.

Doa moja tu: sisimizi. Wamepanga foleni kutoka ndoo yake, wakapanda ukuta, wakaingia mfukoni mwa koti langu la kazi. Sanjeshni akawatazama muda mrefu. Akauliza kama siku hizi koti langu limekuwa duka. Nikasema sukari hunishuka mwilini, lazima nitembee nayo. Akasema pole. Akaandika kitu daftarini. Anaandika mno huyu.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya saba. Zege lake lilishika hatimaye, Alhamisi, kwa aibu. Leo mashine ya kukandamiza imepima nguvu: langu 31, lake 24! Nimepiga simu Gau. Wamechinja nguruwe. Mke wangu Litiana kasema ningengoja siku ya ishirini na nane kama watu wote wa zege. Ukoo wao ni wa watu wenye wasiwasi.

Jumanne, 1 Aprili

Siku ya ishirini na nane. Siku mbaya. Langu 33. Lake 44! Nikadai mashine ni mbovu. Bosi akapasua mchemraba mwingine wa Sanjeshni. 45.

Kisha akaniita kwenye boriti yangu, ile tunayoilowesha na kuikausha kila siku kama gati la baharini. Michirizi ya kahawia. Akaivunja. Nondo zimeota kutu! Akaonja kipande, akatema. "Chumvi! Eroni, unataka mama mkwe wako aanguke na gati?"

Kusema kweli, sikuwa nimefikiria hilo. Nikamwona anavyozama, kapu linaelea.

Sanjeshni akaja taratibu. "Kaka, ulitia vijiko vingapi?" Nikakana. Akafungua daftari: saa ya sisimizi, njia ya sisimizi, picha ya koti. Siku ileile alionja maji yaliyobaki kwenye ndoo, hakumwambia bosi, akataka kuona mwisho wake. Eti sukari ikiwa kidogo hulichelewesha zege, lakini likishashika huwa gumu zaidi. Sasa anataka kipimo changu hasa, la sivyo atamuuliza Litiana.

"Vitatu," nikasema.

"Vya chai?"

"Vya mezani."

Akashukuru! Akaandika!

Jumatano, 2 Aprili

Hukumu: gati ni la Sanjeshni. Mimi naosha kalibu hadi Juni. Nikapiga simu Gau nikiwa na jasho. Wala hawajali zege ni la nani. Mama mkwe kauliza jambo moja tu: atashuka na miguu mikavu? Nikasema ndiyo. Akacheka hadi simu ikakatika. Nami nikafurahi, kidogo.

Nimemwahidi Litiana: ujanja basi. Tangu saa nne asubuhi mimi ni mtu mpya.

Saa nane mchana nimesikia bosi anatafuta mtu wa kwenda naye Auckland, kwenye mkutano wa mabingwa wa zege. Bosi huongoza kwaya kanisani kwao, na kwaya imepungukiwa sauti nzito. Mimi sijui kuimba. Lakini bosi sikio lake la kushoto halisikii.

Mazoezi ni kesho. Nitasimama kushoto kwake.