Kuhusu Wateja Wanaopona Bila Kibali

Iguguno, Mkalama,
Singida.

Kwa Afisa wa Vipodozi na Dawa,

Ndugu Afisa, habari za kazi. Kwa umri wangu wewe ndiye wa kuniamkia, lakini kwa kuwa shida ni yangu, acha nianze mimi.

Naitwa Klara Msengi. Natengeneza mafuta ya kujipaka kwa alizeti na nta ya nyuki. Majuzi mkaguzi wako, kijana mwenye adabu sana, alinieleza sheria. Mafuta yakilainisha ngozi ni kipodozi, na kibali chake ninacho. Yakiponya ugonjwa hiyo ni dawa, na kibali cha dawa sina. Nikikutwa nauza dawa, meza yangu ya stendi inafungwa. Ndugu yangu, meza hiyo ndiyo inayonilisha tangu mume wangu afariki. Nikamwahidi kwamba mafuta yangu hayatamponya mtu.

Mimi ahadi nimeitunza. Wanaoivunja ni wateja, nao ndio ninaowashtaki:

1. Damari wa kwaya alikuwa na mba. Nilimuuzia kwa kulainisha tu, na nikamsisitizia. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda kuwa amepona, tena kwenye spika, akanitaja jina na mahali meza ilipo. Usharika mzima ukapiga makofi. Mimi niliinama kama natafuta sadaka iliyodondoka.

2. Nikabandika karatasi kwenye kila kopo: HAYATIBU. Basi ndiyo kwanza wanayagombania. Wanasema mafuta ya kawaida hayabandikwi onyo la namna hiyo.

3. Mzee Stanley, mwenye ukurutu miguuni, nilikataa kabisa kumuuzia, maana alikuja na sura ya mtu anayetaka kupona. Akamtuma mkewe. Sasa anazunguka sokoni amekunja suruali hadi magotini ili watu waone ngozi. Nimemsihi aishushe, anasema miguu ni yake. Hili limeniudhi kweli.

Kwa hiyo naomba hivi. Mtu akipona, aitwe yeye ofisini aeleze kibali cha kupona kakipata wapi. Ushuhuda wa ngozi usitolewe kanisani mpaka mkaguzi aupime. Wa ndoa na wa mvua uendelee tu. Na ikiwezekana, wote waliopona watangaziwe warudi kujikuna hadi suala langu liishe.

Mimi tiba siijui, Ndugu Afisa. Sikuisomea, na sijawahi kumtibu hata kuku. Mafuta yangu ni mafuta tu, usinifungie meza.

Wasalimie wote hapo ofisini, na nyumbani pia. Bi Amne, jirani yangu anayeuza vitunguu, naye anakusalimu.

Ni mimi, mtii wa sheria,
Klara Msengi

Tanbihi: Kama hapo ofisini kuna mwenye mba, apake asubuhi na jioni mpaka kopo liishe, asikatishe hata akiona nafuu. Mjamzito aniulize kwanza. Tatizo likiwa sugu, msihangaike kuja stendi, yale makali nayaweka nyumbani.