Kahawa ya Kisima cha Leunis

Gazeti lilitua mezani kwangu kabla ya vikombe. Krijn, tunayemwita Kipimo kwa sababu kidude chake cha kupimia chumvi hakimtoki mfukoni hata kanisani, akasoma kwa sauti: "Ukame mkoani Zeeland. Marufuku kuvuta maji mitaroni."

"Walipige marufuku na jua basi!" akafoka Leunis, yaani Pampu. Vitunguu vyake, hekta sita, vilikuwa vimelala chini kama walevi. "Mimi sina shida. Nina kisima. Juzi nimeshusha bomba mita nne zaidi, pampu inanguruma tangu jana, bwawa linajaa! Jioni namwagilia vitunguu vyote."

"Mita nne? Una wazimu wewe!" Kipimo akasimama. "Chini yetu ni bahari, bwana! Maji ya mvua yameelea juu yake tu, utando. Ukinyonya kwa pupa, chumvi inapanda. Baba yako alichota juujuu, polepole."

"Baba alikuwa mwoga. Maji yangu matamu! Ndoo ile pale mlangoni nimemletea Bibi asubuhi hii," akaninyooshea kidole.

"Ngoja niipime."

"Koma! Kidude chako kilipima supu ya harusi ya binti yangu, kikasema haifai kumwagilia viazi."

Jannetje Mdomo, mwenye shamba la mapeasi, akacheka hadi meno ya bandia yakalegea.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega, Bibi!"

"Nyumba yangu ya ghorofa. Juu anakaa mpole, chini mkali, sakafu katikati hamna. Mpole akiondoka, mkali anapanda."

"Hiyo ndoa ya Mdomo!" akadakia Pampu. Mdomo akamtandika na gazeti.

Nikamimina kahawa, nikagawa biskuti moja moja, nikafunga kopo. Pampu akanyoosha mkono apate ya pili.

"Moja, mwanangu."

"Bibi mchoyo, we!"

"Ndivyo kopo linavyofika Jumamosi."

Akapiga funda kubwa. Uso ukamjikunja, akatema yote juu ya gazeti. "Bibi! Umetia chumvi badala ya sukari?"

"Sukari hunywi. Sijatia kitu. Nimechemsha maji ya ndoo yako."

Kipimo akatumbukiza kidude ndooni, akakitazama, akamwonyesha Pampu.

"Umeshamwagilia?" akauliza Mdomo, safari hii kwa upole.

"Bado! Nimesema jioni!" Pampu alikuwa tayari juu ya baiskeli, kofia ameiacha sakafuni.

"Kazime hiyo pampu!" Mdomo akampigia kelele. "Usipowahi, utavuna achari!"

Kipimo akanigeukia. "Na kitendawili, Bibi?"

"Jibu limekimbilia kisimani kwake kwa baiskeli." Nikachukua kikombe cha Pampu ili nikakimwage nje.

Kipimo akaruka: "Si kwenye maua, Bibi!"