Mawe ya Kabichi Baada ya Chakula cha Jioni

Jumatatu, 3 Novemba
Sukari ya mwanangu Byong-ho, asubuhi, tumbo tupu: mia na sitini na nane. Daktari wa kampuni ya mabasi atampima tena Ijumaa ya wiki ijayo. Isiposhuka, anaondolewa kwenye usukani. Miaka kumi na minne njia ileile, hajamkwaruza mtu hata kioo! Mwenyewe anasema, "Mama, mambo madogo hayo." Hata marehemu baba yake alisema hivyo. Tulimzika na mguu mmoja.

Nimekwenda mwenyewe kituo cha afya. Muuguzi, Bi Seo, binti mpole, kaniambia misuli hula sukari, basi anyanyue vitu vizito. Saa ngapi? Kasema wataalamu bado wanabishana, ila kwa mtu kama Byong-ho ajaribu jioni, baada ya chakula. Amalize mapema kabla ya kulala, na asile tena. Nimeshika: baada ya chakula. Basi chakula kiwepo!

Jumanne, 4 Novemba
Hataki. Anasema kashika usukani kutwa, anyanyue nini tena? Sikubishana. Mtoto habishaniwi, anazungukwa. Nikalalamika mgongo, nikamwomba anisogezee mawe ya kukandamizia kabichi za kimchi, achari yetu ya majira ya baridi. Mawe manane, toka roshani hadi jikoni. Alipomaliza nikasema loo, nimekosea, yarudishe. Akanitazama. Nikatazama dari.

Jasho lilimtoka, masikini! Nikampa bakuli mbili za togwa ya mchele, tamu, baridi. Bi Seo kasema asile. Togwa hailiwi.

Alhamisi, 6 Novemba
Mama In-pyo wa ghorofa ya chini kapanda kugonga mlango. Eti, "Mama Byong-ho, huko juu mnazika mtu au mnafukua?" Kisha akajisifu. In-pyo wake huenda alfajiri mlimani, kwenye vyuma vya mazoezi pale chemchemi, jua linamkuta kamaliza. Tumbo kama ubao! Nikamwambia anayo nafasi, ana miaka arobaini na moja na hana kazi. Wangu anayo. Akajibu, "Kwa sasa."

Kwa sasa! Nimetandika mablanketi matatu sakafuni. Mawe yanaendelea.

Jumapili, 9 Novemba
Nimefikiri sana. Kama kazi ya misuli ni kula sukari, ikikosa sukari itakula nini? Itamla mtoto! Nimeongeza chakula. Leo tambi za viazi vitamu, nyama ya nguruwe ya tumboni, wali, na keki za mchele alizoleta wifi. Tumemaliza saa tatu usiku. Mawe saa nne. Yeye anaamka saa kumi alfajiri.

Namsikia akigeukageuka kitandani. Anasema moyo unamwenda mbio kama kafukuzwa. Nimempelekea togwa imtulize.

Jumatano, 12 Novemba
Kaniambia mwenyewe, akifunga kamba za viatu. Jana alisinzia kwenye taa nyekundu. Abiria wakapiga kelele, bibi mmoja akamchapa begani na fungu la vitunguu majani. Alikuwa akisimulia huku anacheka. Mikono haikucheka, kamba hazikufungika. Nimemfungia mimi.

Kisha akasema, "Mama, kabichi gani hiyo inahamahama kila siku?" Alijua tangu Jumanne ile! Anabeba tu kwa sababu akishabeba, mimi nalala. Akaniomba kitu kimoja: tuanze mapema, akirudi tu, naye alale.

Nimemwonea huruma. Nikakubali. Lakini alivyorudi saa kumi na mbili, uso umemsinyaa, nani mwenye moyo wa kumpa mwanawe jiwe kabla ya mchuzi? Mchuzi ukaleta wali. Wali ukaleta samaki. Mawe saa nne.

Ijumaa, 14 Novemba
Mia mbili na kumi na nne.

Wamemwondoa usukanini miezi mitatu, kisha watapima tena. Karudi saa nne asubuhi, saa ambayo sijawahi kumwona nyumbani siku ya kazi. Katoa mfukoni glavu zake nyeupe za kuendeshea, kazifua kwa sabuni, kazianika roshani juu ya mawe. Hakuna aliyemtuma. Kesho hazivaliwi.

Kanisimulia kwa kifupi. Daktari alimuuliza anakunywa nini kabla ya kulala. Akajibu, maji.

Maji! Kanisitiri, mwanangu, mbele ya daktari. Nimeingia bafuni, nikafungulia bomba lipige kelele, nikalia.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimekesha na kosa nimeliona. Saa! Jioni haimfai. Damu yake ni ya asubuhi, baba yake pia alikuwa mtu wa asubuhi.

Nimeshuka kwa Mama In-pyo, nimemeza kiburi kikanikwama kooni. Alinisimamisha mlangoni kama mchuuzi. Akasema, "Si nilikwambia? Kichwa chako kigumu kuliko mawe yako." Nikamwachia kabichi mbili nzuri. In-pyo kakubali kumpitia Byong-ho kila siku saa kumi na moja alfajiri, kuanzia Jumatatu. Byong-ho kaitikia tu. Sasa analala mchana, uso kaugeuzia ukuta.

Safari hii sitamdanganya, wala hakuna togwa. Nimeimwaga yote, shahidi Mungu.

Ila mlimani kuna jalidi. Mtu hapandi mlima na tumbo tupu, ataanguka. Nimekwenda sokoni, nimerudi na maboga manne ya kumpikia uji. Muuzaji kaapa kwa watoto wake: ni matamu kupita asali.