Kampuni ya Kusukuma Mambo

Siku ya mahafali watu hulia machozi ya aina mbili, na Balozi aliyajua yote mawili kwa mbali. Ya furaha huwatoka wazazi. Yale mengine, yanayofutwa harakaharaka kwa mkono wa joho la kukodi, humtoka mhitimu mgeni aliyekumbuka kwamba masomo yakiisha, na visa ya masomo inaisha. Hayo ya pili ndiyo yaliyokuwa yakimlisha Balozi, aliyeishi kwa kuuza ahadi za visa.

Tuelewane kuhusu cheo hicho. Ubalozi hakuwa nao, wala chumba chenye dirisha. Alikuwa na suti moja, tai mbili na ulimi usio na mfupa. Watu wa kwao waishio ughaibuni walimwita Balozi kwa sababu kila alikokwenda aliwakilisha kitu ambacho hakipo.

Siku hiyo jicho lake lilitua kwa binti aliyesimama karibu na mlango wa ukumbi, amekunja uso na shahada mkononi. Pembeni yake alikuwa shangazi yake, mama wa kifua kipana mwenye duka la dobi, aliyemsomesha kwa kunyoosha mashati ya watu.

"Hongera sana, dada," alisema Balozi. "Na pole."

"Pole ya nini?" aliuliza shangazi.

"Ya visa, mama yangu. Akishahitimu, njia ni tatu tu. Apate mwajiri wa kumdhamini, apate mume mwenyeji, au aanze shahada nyingine."

"Shahada nyingine sina nguvu," alisema binti.

"Na mume ndiyo kabisa!" alidakia shangazi. "Mimi nimeolewa mara mbili. Afadhali mwajiri, jioni unamwacha ofisini."

"Basi mmefika. Mwajiri ni mimi. Nina kampuni."

"Inaitwaje?"

Hapo Balozi alijilaumu, maana kampuni ya siku hiyo alikuwa hajaibatiza. Macho yakakimbilia mlangoni, kwenye kibao kinachowaelekeza watu namna ya kuufungua.

"Sukuma," alisema.

"Mnasukuma nini?"

"Mambo, mama. Palipokwama, sisi tunasukuma."

Alimaanisha kile ambacho wajanja wote humaanisha: faili la chini kupanda juu, neno moja kwenye sikio la mkubwa. Lakini shangazi alikuwa mtu wa kulichukua neno kama lilivyo. Uso ukamng'aa.

"Hata makabati?"

Balozi hakuwa na desturi ya kumkatalia mteja anayetabasamu. "Hasa makabati."

"Mwanangu!" Shangazi alimgeukia binti. "Na wewe umesomea uchukuzi! Baba, ada yako usijali, utapewa yote visa ikitoka. Hata mimi nalipwa shati likishanyooka."

Balozi alikaza tai yake. Alizoea kulipwa shati likiwa bado chafu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama, asijue kwamba ataletewa hata friji abebe.

Shangazi alimtangazia kila aliyekuja kuchukua nguo zake. Mjane wa ghorofa ya juu akataka kuhamishwa. Mwalimu wa muziki akaleta piano. Balozi alijiambia ni mzigo mmoja tu, wa kuwazuga, kisha akajiambia hivyo kwenye mzigo wa pili. Binti alipima milango, akachagua njia, akaazima toroli na pikapu ya dobi. Suti ya Balozi ilipasuka mgongoni, shangazi akaishona bure.

Mchana mmoja, kochi likiwa katikati ya ngazi na Balozi akiwa chini yake, binti alisema, "Kaka Balozi, nimeuliza kwa msajili wa makampuni. Sukuma haipo."

"Haipo kwa maana ipi?"

"Jina lilikuwa wazi, nikaliandikisha langu. Kumbe kuna njia ya nne. Mhitimu anaweza kuomba kibali cha kuendesha biashara yake mwenyewe, mradi ihusiane na alichosomea na iwe inafanya kazi kweli. Hukutuambia."

"Nilikuachia uigundue," Balozi alihema. "Ndiyo mafunzo yetu."

"Ahsante. Inua upande wako."

Mwenye akili angekimbia hapohapo. Lakini Balozi alishaimwagia jasho ada ile, na kuiacha kulimuuma kuliko mgongo. Ila jambo moja hakuwa amemwambia mtu. Yeye mwenyewe alikuja kwa visa ya masomo, akafeli mwaka wa kwanza, visa ikafa, naye tangu siku hiyo akiona sare ya Uhamiaji huvuka barabara.

Asubuhi moja walipakia kabati kubwa. Balozi alipanda nyuma pamoja nalo, bila kuuliza linakwenda wapi. Pikapu iliposimama akachungulia, akasoma bango: Idara ya Uhamiaji. Afisa aliyepokea maombi ya kibali ya binti alikuwa ameamua kuijaribu kampuni kwa kuipa kazi ya ofisi yake mwenyewe. Balozi alifungua kabati, akaingia, akajifungia.

"Mzigo wote huu mko wawili tu?" aliuliza afisa.

"Tuko watatu," alijibu shangazi, ambaye uongo ulikuwa unamshinda. "Balozi yumo kabatini."

Afisa alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akasaidia kusukuma. Binti hakucheka. Aliongoza toroli midomo ameibana, akijua kwamba likigonga mahali, atapanda ndege arudi alikotoka. Kabati lilipita kwenye lifti, kwenye kona, kwenye mlango mwembamba, bila kukwaruza rangi.

"Biashara ipo, na kazi inaijua," alisema afisa, akagonga muhuri. Binti alikaa sakafuni akalia kwa sauti, na shangazi akamkumbatia huku akimshukuru Mungu, afisa na toroli.

Afisa alivua koti, akafungua kabati alitundike. Balozi alikuwa humo, magoti yamegusa kidevu, tai imenyooka.

"Wewe nani?"

"Nakagua bawaba, mkubwa. Ziko imara."

"Visa yako iko wapi?"

Balozi alifungua kinywa atafute uongo. Siku zote ulikuwa tayari ulimini. Leo hakuukuta hata mmoja.

"Sina, mkubwa," alisema. "Zote nimeuza."