Prosesa Yangu na Upepo wa Bukima

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Nimemaliza kuihariri! Video ya jubilei ya Mzee Baltazari wa Bunda, miaka arobaini ya ndoa. Ukoo mzima utaitazama Jumapili. Mzee ndiye baba yake Agness, mpenzi wangu. Agness kaninong'oneza kwamba baba akifurahi, atakubali kuwapokea washenga wangu. Nimecheka peke yangu studio mpaka mteja wa fotokopi akaondoka bila karatasi zake.

Imebaki kuirenda tu, itoke nzima, tayari kutazamwa. Kompyuta inasema saa kumi na nne. Nina siku sita. Hakuna shida.

Jumanne, 10 Oktoba

Kuna shida. Onesmo, mwenye studio ng'ambo ya barabara, hapa hapa Kamunyonge, Musoma, kanunua kompyuta mpya. Kamwambia Agness mbele yangu kwamba yake huwaga inamaliza kazi kama hii kwa saa tatu. Agness kasema eeh! Hiyo eeh imenichoma.

Basi nitaikimbiza prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Mtandaoni wanaita overclock: unaingia kwenye mipangilio ya ndani, unaiongezea kasi na umeme kuliko kiwanda kilivyopanga. Wote wanaonya usijaribu kwa kile kifeni kilichokuja na prosesa ndani ya boksi. Waoga! Kifeni changu nakijua.

Jumatano, 11 Oktoba

Kasi kutoka gigahezi 3.4 mpaka 4.3! Saa kumi na nne zimeshuka kuwa kumi na moja! Nimeruka, nimegonga kichwa kwenye rafu. Kifeni kikapiga kelele mpaka fundi cherehani wa jirani akauliza kama siku hizi nasaga unga. Dakika ya sita, nyuzi joto tisini na nane. Ikazima.

Mzee Baltazari kapiga simu kuulizia. Nikamweleza mradi wangu kwa fahari. Akasema yeye alikuwaga analima pamba kwa ng'ombe wawili na hakuwahi kuwachapa wakimbie, maana wakikimbia hawalimi, wanaharibu shamba tu. Maskini. Teknolojia imempita.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimegundua! Kosa si la prosesa wala la kifeni. Ni joto la Kamunyonge. Kinachotakiwa ni upepo, na upepo uko Bukima, kwa shangazi Nyangi, hatua chache kutoka ziwani. Bure, mchana kutwa!

Nimekwenda kwa bodaboda, kompyuta nimeikumbatia. Shangazi kauliza kama inaumwa. Nimeivua mfuniko, nimeiweka dirishani, kifua wazi kuelekea ziwani. Shangazi akasema nifunge dirisha, mwezi wa angani umekwisha, wadudu wa ziwani watakuja. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba hii ni sayansi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nyuzi sabini na moja! Kwa kasi ya 4.3! Nimecheza ngoma peke yangu, shangazi kafunga mlango wa jikoni. Saa saba mchana, asilimia sitini. Nimemtumia Onesmo picha ya namba hizo bila maneno. Namba zinajisemea.

Saa kumi hivi, moshi umesimama juu ya ziwa. Mzuri kweli! Nikaupiga picha nimtumie Agness. Nikiwa nachagua picha iliyotoka vizuri, moshi ukaingia ndani. Si moshi. Wadudu! Maelfu kwa maelfu, na kifeni kikawavuta wote kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kikifanya kazi nyingine. Halafu wakaja kuku wa shangazi. Wakapanda mezani, wakaanza kudonoa wadudu ndani ya kompyuta. Nilipowafukuza walinidonoa na mimi.

Asilimia themanini na moja. Ikazima.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimeisugua kwa mswaki wa zamani. Inawaka, lakini kazi imerudi sifuri, na inanuka wadudu wa kuchoma. Agness kaja mpaka Bukima. Kauliza swali moja tu: ningeiacha ikimbie mwendo wake tangu Jumatatu, ingemaliza lini? Nikahesabu. Jumanne asubuhi. Nikamwambia mapenzi hayahitaji hesabu. Hakucheka. Kachukua diski, kaipeleka kwa Onesmo. Imemaliza kwa saa tatu! Roho imeniuma sana.

Jumapili, 15 Oktoba

Bunda. Ukoo umetazama, bibi wawili wamelia kwa furaha. Onesmo kapewa firigisi. Mimi shingo. Nikaona washenga wangu wanaota mbawa.

Lakini Mzee Baltazari ni mtu mwema! Kaniita pembeni. Mdogo wake, Clementi, ana jubilei mwezi wa kumi na mbili, na video hiyo atanipa mimi. Sharti moja: nifanye taratibu, hata ikichukua wiki nzima. Nikiifikisha salama, washenga waje. Agness kanishika mkono, kaniapisha. Nimeapa kwa moyo wote. Nimejaa furaha mpaka shingo ya kuku imekuwa tamu.

Nikiwa njiani kurudi Musoma nimempigia Gati, muuza samaki. Ana friza kubwa, na kakubali kusogeza sangara. Nafasi ya kompyuta moja tu, nimemwambia. Ndani ya friza hakuna joto, hakuna wadudu, na kuku hawajui kufungua mfuniko.

Saa mbili, Onesmo. Nitamaliza kwa saa mbili!