Onyo la Daraja la Kwanza

Mvua ndiyo iliyomwingiza Sabuni katika jengo la Idara ya Maafa. Hakuwa na shida nyingine yoyote na serikali, na alipenda iendelee kuwa hivyo. Alisimama ukumbini akikamua shati, na kwa kuwa macho ya tapeli hayajui kukaa bure, yakatua kwenye tangazo la ukutani: "Tufuate mtandaoni upate taarifa za maafa kwa haraka." Akatoa simu, akawafuata. Akakuta ukurasa wenye wafuasi arobaini na mmoja. Taarifa ya mwisho ilikuwa picha ya mkurugenzi akifungua semina ya kasi ya mawasiliano, na iliwekwa siku kumi na moja baada ya semina kwisha.

Jina la Sabuni lilitokana na kwamba kila aliyemshika alibaki na povu. Alikuwa ameshauza nafasi kwenye foleni zisizokuwepo na tiketi za treni katika mji usio na reli. Siku hiyo, maji yakimchuruzika kisogoni, aliona kitu ambacho Idara nzima haikukiona: mji wa kando ya mto una kiu ya kujua mto unasemaje, na aliyeajiriwa kuusemea amelala fofofo.

Jioni ileile akafungua ukurasa wake. Nembo aliichukua ilivyo, mwavuli wa bluu, ila wa kwake ulitoka na njiti tisa badala ya nane. Jina akaliandika "Idara ya Maafa, Taarifa Rasmi", na hilo neno "rasmi" ndilo lililobeba mzigo wote. Mbele palikuwa na taarifa za bure kwa umma. Nyuma ya pazia palikuwa na kundi la siri, Daraja la Kwanza, ambalo kwa ada nono lingepata onyo la mafuriko saa tatu kabla ya watu wengine.

Alianza na tajiri wa malori. Alimfuata kwenye yadi yake, faili kwapani, sauti ya mtu aliyetoka kikaoni.

"Yadi yangu iko juu," tajiri akasema. "Mafuriko yananihusu nini?"

"Hayakuhusu hata kidogo, bosi. Yanawahusu watakaotaka lori. Wewe ukijua saa tatu kabla yao, bei utaipanga ukiwa umekaa."

Tajiri alilipa papo hapo, akaomba jirani yake mwenye ghala la saruji asiambiwe. Nusu saa baadaye mwenye ghala la saruji, aliyekwisha kupiga hesabu ya kuta zitakazojengwa upya, alilipa naye, akaomba tajiri wa malori asiambiwe.

Mwanachama wa tatu alijileta mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani minene, aliyejitambulisha kuwa muuza magodoro, na akalipa bila kuomba apunguziwe. Sabuni angejiuliza ni mfanyabiashara gani huyo asiyeomba kupunguziwa. Lakini tamaa huziba masikio, na tapeli naye ana masikio.

Shida ya ukurasa ni kama ya mtoto mchanga: lazima ulishwe kila siku. Sabuni akawa anaulisha uongo. Siku moja aliandika kwamba maji yamefika nusu ya nguzo ya daraja. Kesho yake muuza magodoro akaandika kundini kwamba amepita darajani, maji hayajafika hata theluthi. Je, wanalipia uongo? Tajiri wa malori akamuunga mkono kwa ukali. Sabuni aliomba radhi kwa niaba ya mitambo, na tangu hapo ikambidi awe anakwenda darajani kila asubuhi na kila alasiri kuisoma nguzo kwa macho yake.

Yule mama hakutosheka. Alitaka habari za juu ya mto. Alipoambiwa mitambo haifiki huko, akatoa namba ya mlinzi wa bwawa. Alitaka njia za kukimbilia zitajwe, na Sabuni akaizunguka kata yote ya bondeni hadi soli za viatu zikaisha. Alitaka lugha nyepesi, Sabuni akaandika: "Mto leo umelala. Nasi tulale, lakini kwa jicho moja." Watu wakacheka, wakasambaza. Kufikia mwezi wa pili ukurasa ulikuwa na wafuasi elfu thelathini, na Sabuni alikuwa anaamka alfajiri na kufanya kazi kwa bidii, heshima ambayo hakuwahi kumpa mwajiri yeyote.

Hakuna aliyeupenda ukurasa ule kama shangazi yake. Ndiye aliyemlea, na Sabuni bado alikuwa akilala katika chumba chake cha uani, huko bondeni, nyumba ya nne kutoka mtoni. Shangazi alijua tu kwamba mtoto wa kaka yake yuko "ofisini". Kila asubuhi aliwasomea majirani taarifa za Idara kwa sauti, kisha akamgeukia.

"Ungekuwa na nusu ya bidii ya huyu kijana wa Idara, mwanangu, ningekufa kwa amani."

Sabuni alikunywa chai yake. Ni vigumu kumwonea wivu mtu ambaye ni wewe, lakini alijaribu.

Alikuwa amekwisha kupanga safari. Jumatano moja, saa nne na nusu asubuhi, alikuwa ameketi ndani ya basi la masafa, mkoba wenye mavuno yake mapajani, dereva akipasha injini moto. Simu ikaita. Alikuwa mlinzi wa bwawa. Ukuta wa bwawa ulikuwa unamomonyoka. Maji yangefika bondeni saa nane mchana, pengine mapema zaidi.

Kwa mazoea tu, Sabuni akawapa Daraja la Kwanza kilicho chao, onyo la mapema. Kabla hajapumua, tajiri wa malori alikwisha kutangaza kwamba kukodi lori sasa ni mara tatu. Mwenye ghala la saruji, ambaye ghala lake lilikuwa jirani na shule ya mlimani, aliandika kwamba amefunga milango asije akavamiwa na watu wa bondeni. Biashara ilikuwa imekwenda kama ilivyoahidiwa.

Kisha akafungua ukurasa wa umma. Palikuwa na ujumbe mmoja mpya, wa shangazi: "Idara, mbona leo kimya? Mto unasemaje? Nimeanika nguo, na goti langu si la kukimbia."

Sabuni aliusoma mara mbili. Basi likaanza kurudi nyuma. Akagonga bati, akateremka.

Pale pale kando ya barabara akawaandikia wote elfu thelathini: "Bondeni, ondokeni sasa. Bwawa linavunjika. Piteni barabara ya soko, nendeni shule ya mlimani. Acheni vyombo, bebeni wazee." Lakini alikuwa amewatembelea nyumba kwa nyumba, alijua wazee ni wangapi na magoti yao yakoje. Bila malori, nusu yao wasingefika. Akarudi kundini, akaandika uongo wa mwisho, na wenye kujua fani husema ndio uliokuwa bora kuliko yote: "Siri. Maji yatazunguka nyuma ya yadi ya malori. Polisi wameweka vizuizi. Lori tupu halipiti. Lori lenye watu linapita moja kwa moja hadi mlimani. Ghala litakalopokea watu ndilo litakalolindwa."

Muuza magodoro akajibu mara moja: "Kweli kabisa. Nimeyaona maji kwa macho yangu, yanakaribia yadi." Sabuni alishangaa jinsi mtu anavyoweza kuona maji ambayo hayapo, ila hakuwa na muda wa kushangaa.

Malori kumi na moja yalishuka bondeni yakipiga honi. Tajiri mwenyewe alikuwa kwenye la mbele, jasho likimtoka, akiwavuta mabibi kwa mikono yake na kuwasihi wajae upesi. Mzee mmoja aliuliza nauli. Tajiri akamwambia, "Panda, mzee wangu, panda tafadhali, usinitie hasara." Kule mlimani mwenye ghala la saruji naye alikwisha kufungua milango. Sabuni alimpakia shangazi, akamtupia mkoba amshikie, naye akakimbilia nyumba za ndani kuwatoa waliobaki.

Maji yalikuja saa saba na nusu, rangi ya matofali, yakapanda hadi madirishani. Hayakukuta mtu.

Kule shuleni Sabuni alifika wa mwisho, matope hadi kiunoni, akausaka mkoba kwa macho. Aliuona jukwaani. Shangazi, alipokuwa akitafuta taulo ndani yake, alikuta mabunda ya noti, na kwa kuwa hajawahi kushuku kitu chochote cha mtoto wa kaka yake, alidhani ni akiba aliyomkabidhi awape waathirika, akaupeleka moja kwa moja kwa mkurugenzi wa Idara. Sasa mkurugenzi alikuwa anatangaza kwa kipaza sauti kwamba familia moja imetoa akiba yake yote kwa waathirika. Watu wakapiga makofi. Tajiri wa malori alipiga kuliko wote, akiishangilia pesa yake mwenyewe. Sabuni, nyuma kabisa ya umati, akapiga naye, afanyeje?

Alipogeuka kuelekea getini, mkono ukamshika shati. Alikuwa muuza magodoro, kavaa beji ya mwavuli wenye njiti nane.

"Mimi ni afisa habari wa Idara," akasema kwa upole. "Wafuasi arobaini na mmoja wale ni wangu, kumi na mmoja ni ndugu zangu. Taarifa yangu ilihitaji sahihi tatu. Ya kwako haikuhitaji hata moja. Nikaona afadhali nikulee."

"Na magodoro?"

"Sijauza godoro maishani mwangu. Nipe neno la siri la ukurasa."

Akamwonyesha gari la polisi upande mmoja na kiti kitupu karibu na meza upande mwingine. Sabuni alilitazama gari. Kisha akaketi, akalitaja neno la siri.

Mama akaanza kuandika kwa kidole kimoja: "Idara inapenda kuutaarifu umma kwamba kufuatia tukio lililojitokeza..."

"Mama, watu wamelowa," Sabuni akasema. "Hawatafika mwisho wa sentensi hiyo."

"Basi andika wewe."

Akaandika: "Tuko shule ya mlimani. Chai ya moto iko darasa la pili, mablanketi la tatu. Ambaye hajamwona mtu wake, aandike jina hapa."

Majina yakaanza kuingia, naye akawa anayajibu moja moja, akiinuka kutazama, akirudi kuandika. La saba lilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa darasa la tatu.

"Idara, mtoto wa kaka yangu simwoni. Watu humwita Sabuni. Mvivu, lakini ni wangu."

Sabuni akajifuta uso kwa mkono wenye matope, akaandika: "Ameonekana, shangazi. Yuko kazini."